Bahasha 41 kutoka Unguja: kisa cha stempu, mihuri na mahusiano ya nchi, 1963 hadi 1976

Majina ya wahusika, mtaa wao na kila kitakachowatambulisha nimeviondoa kwa ombi lao. Tarehe za mihuri ya posta nimeziacha kama zilivyo, kwa kuwa bila hizo kisa hiki hakina funzo.

Usuli

Kisa kilianza na beseni la maji. Familia moja ya Mombasa, yenye asili ya Unguja upande wa baba, ilikuwa na kisanduku cha bati chenye barua 41. Karibu zote ziliandikwa na ami aliyebaki Unguja, akimwandikia nduguye aliyehamia Mombasa kabla ya Uhuru. Nduguye alifariki, kisanduku kikabaki juu ya kabati, hadi mnunuzi mmoja wa vitu vya kale alipopita akasema stempu za zamani za Zanzibar zina soko lakini bahasha hazina kazi. Mjukuu akachukua mkasi, akakata pembe za bahasha 12, akaziloweka hadi gundi ikaachia, akazianika stempu juu ya gazeti.

Nilipofika, gazeti lilikuwa bado bichi. Mimi ni mwalimu mstaafu na nimekusanya stempu tangu utotoni, kwa hiyo niliitwa kukadiria bei tu. Kitu cha kwanza nilichosema ni, "Mwanangu, simama hapo hapo. Usiloweke nyingine."

"Kwani nimeharibu, Mwalimu?"

Nikamwambia ukweli: zile 12 hazirudi tena, ila 29 zilizobaki tunaweza kuziokoa.

Wengi wetu tuliokusanya stempu shuleni tulifundishwa kwamba stempu ndiyo mali na bahasha ni takataka. Kwa stempu ya kawaida ya nchi tulivu, hasara yake si kubwa. Lakini kwa Unguja ya miaka ya sitini, ambako serikali, jina la nchi na hata posta yenyewe vilibadilika ndani ya miaka michache, stempu iliyobanduliwa imepoteza nusu ya habari zake. Stempu inakuonyesha serikali ilitaka ionekane vipi. Muhuri uliogongwa juu yake, na anwani iliyoandikwa pembeni, vinakuonyesha mambo yalikwendaje siku ile, kwenye kaunta ile.

Bahasha zilivyopangana

Tulizitandaza mezani na kuzipanga kwa tarehe ya muhuri. Picha na thamani tuliziacha kando. Sitaeleza zote 29. Nyingi ni za kawaida, za salamu za Idi na habari za harusi.

Ya kwanza ni ya Novemba 1963. Stempu yake ni ya mfululizo ulioanza kuuzwa Oktoba 1961, uliochapwa Uingereza, wenye picha ya Sultani. Familia nzima iliniambia ni Sultani Jamshid. Siyo. Ni Sultani Abdulla bin Khalifa, aliyefariki Julai 1963. Jamshid alikwishakalia kiti, lakini akiba ya stempu za baba yake ilikuwa bado inauzwa kaunta.

Bahasha hiyo inatoka Unguja kwenda Mombasa, na Mombasa ya Novemba 1963 ilikuwa bado, kwa karatasi, ndani ya mwambao wa maili kumi wa milki ya Sultani. Makubaliano ya kuutoa mwambao kwa Kenya yalikuwa yamefikiwa Oktoba ya mwaka huo, na bendera nyekundu ya Sultani ilishuka Disemba. Hata hivyo watu wa Mombasa hawakuwa wakitumia stempu za Sultani. Walitumia zile za posta ya pamoja ya Kenya, Uganda na Tanganyika, iliyoanza 1933 na kutoa stempu za jina moja tangu 1935. Barua ya ndugu kwa ndugu, ndani ya milki inayohesabiwa kuwa moja, ilivuka kutoka posta moja hadi nyingine. Kwa hiyo nasisitiza: ramani ya posta na ramani ya siasa hazikuwahi kulingana kikamilifu katika mwambao huu, hata kabla ya vurumai.

Ya pili ni ya Disemba 1963, ina stempu ya uhuru wa Zanzibar wa tarehe 10 Disemba. Imeandikwa "UHURU 1963", na picha yake ni pango la Mangapwani. Nchi ile, kwa sura ile, iliishi siku 33.

Ya tatu ndiyo iliyotuweka mezani jioni nzima. Muhuri wake ni wa 16 Januari 1964, siku nne baada ya Mapinduzi. Stempu ni ile ile ya Sultani Abdulla, lakini juu ya uso wake pamepita mistari miwili ya kalamu ya wino, imekatana kama alama ya kuzidisha. Mjukuu alidhani ni mtoto aliyechezea. Sivyo. Baada ya 12 Januari serikali mpya haikuwa na stempu zake, na biashara ya barua haiwezi kungoja mtambo wa kuchapa. Maagizo yalikuwa makarani wafute picha ya Sultani kwa kalamu ndipo stempu iuzwe. Kalamu hiyo ilitumika siku chache tu, hadi tarehe 17, zilipotokea stempu zilizogongwa kwa mkono, kwa muhuri wa mpira, maneno "JAMHURI 1964".

Ya nne, ya Februari, ina maneno hayo. Wino umevuja kidogo na herufi zimelala upande, kama mkono uliogonga ulikuwa na haraka. Ya tano, ya Aprili, ina maneno hayo hayo lakini yamenyooka na kulingana, kazi ya mtambo. Hizo zilianza kuuzwa 28 Februari. Bahati nzuri ni kwamba hiyo ya tano ni stempu ya Mangapwani. Karatasi moja, ndogo kuliko kidole gumba, ina "UHURU 1963" na "JAMHURI 1964". Sijui mwanahistoria atakayeeleza Disemba na Januari zile kwa maneno machache zaidi ya hayo manne.

Ya sita ni ya Agosti 1964. Hapa hakuna tena Sultani wa kufutwa. Ni mfululizo mpya uliotoka Juni, wenye maneno "Jamhuri Zanzibar 1964" na picha za minyororo inayokatika. Ulichapwa Leipzig, Ujerumani Mashariki.

Kisha zinafuata bahasha kadhaa za 1966 na 1967 zenye stempu zilizoandikwa "Zanzibar Tanzania". Halafu, kuanzia 1968, stempu za Zanzibar zinatoweka kabisa kisandukuni. Muhuri bado unasema Zanzibar, lakini stempu ni za Tanzania.

Moja ya 1970 ilitushangaza sote: muhuri wa Zanzibar juu ya stempu ya Kenya. Hiyo haikuandikwa na ami. Iliandikwa na nduguye wa Mombasa, aliyekwenda Unguja kutembea, akimwandikia mkewe nyumbani.

Ya mwisho ni ya Disemba 1976. Ina stempu ya picha ya reli, na jina lililoko ni la Tanzania peke yake.

Maamuzi tuliyofanya, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa rahisi kusema na mgumu kutekeleza, kwa kuwa mnunuzi alikuwa akipiga simu kila siku: hakuna kuuza kabla ya kuandika orodha. Kila bahasha ilipigwa picha mbele na nyuma, ikapewa namba kwa penseli laini pembeni, na daftarini tukaandika tarehe ya muhuri, mahali, stempu, na alama yoyote ya wino.

Uamuzi wa pili ulihusu barua zenyewe. Nilipendekeza zisisomwe na mimi. Miezi ile ya 1964 iliumiza familia nyingi za Unguja, za kila upande, na ami hakuandika ili mgeni asome. Mjukuu na shangazi yake walizisoma peke yao, wakaniambia tu yale yaliyohusu safari na tarehe. Nilipoteza habari fulani kwa uamuzi huo, na ningeufanya tena.

Uamuzi wa tatu ni wa bahasha ya kalamu. Bei yake, ikiwa halisi, inazidi ya zote. Lakini alama ya kalamu ndicho kitu rahisi kuliko vyote kuigiza; yeyote mwenye wino anaweza. Tukajiwekea masharti matatu kabla ya kuiita halisi. Muhuri wa posta uwe umepita juu ya wino wa kalamu, usiwe chini yake. Tarehe iangukie katika zile siku chache za kalamu. Na kuwe na ushahidi usiotoka kwenye stempu. Mawili ya kwanza yalitimia chini ya kioo cha kukuzia. La tatu lilitoka kwa shangazi, ambaye hakuwa ameelezwa tunatafuta nini. Alisema barua ile ilimfikia baba yao wakati mfungo umeingia, maana ilisomwa baada ya kufuturu, na ilikuwa barua ya kwanza tangu waliposikia habari redioni. Ramadhani ya mwaka ule iliingia katikati ya Januari, siku chache baada ya Mapinduzi. Tarehe zinakubaliana.

Kwa ile ya stempu ya Kenya, uamuzi wangu ulikuwa wa haraka na ulikuwa mbaya. Nilisema stempu imebandikwa baadaye, labda na mtoto, kwa kuwa stempu ya Kenya haiwezi kutumika Unguja. Nikaandika "ya mashaka" daftarini. Nitarudi hapo.

Matokeo

Familia haikuuza. Mnunuzi alitoa bei ya stempu 12 zilizolowekwa, bei ndogo sana, kwa sababu ile ile niliyoitaja: tatu kati yake zina "JAMHURI 1964" ya mpira, lakini zimekatwa na robo tu ya muhuri, bila tarehe wala mji. Muhuri wa mpira ni rahisi kuchonga, kwa hiyo mnunuzi makini anataka tarehe ya posta juu yake. Zilipokuwa kwenye bahasha zilikuwa na ushahidi huo. Beseni liliuondoa kwa muda wa nusu saa.

Bahasha 29 zimewekwa kwenye mifuko isiyo na asidi, kila moja na barua yake ndani. Neno "ya mashaka" lilifutwa daftarini wiki mbili baadaye.

Uchambuzi: tulichosoma sawasawa

Mambo yaliyokwenda vizuri yalitokana na kufuata tarehe za mihuri. Tukipanga kwa picha, kama albamu za shule, tungeziweka stempu zote za Sultani pamoja, na ile yenye kalamu ingeonekana imeharibika. Tulipozipanga kwa tarehe, ikakaa mahali pake kati ya Disemba na Februari, ikaeleweka.

Leipzig nayo ilieleweka kwa njia hiyo. Ukiitazama stempu ya Agosti 1964 peke yake, unaona minyororo inakatika na unafikiri umeelewa ujumbe: mapinduzi. Ujumbe mzito zaidi uko kwa mchapaji. Miezi michache tu nyuma stempu za Unguja zilichapwa Uingereza. Zanzibar ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kuitambua Ujerumani Mashariki, mwanzoni mwa 1964, na wakati ule Ujerumani Magharibi ilishikilia msimamo kwamba nchi itakayoitambua ile nyingine itakuwa imejitenga nayo. Kisha ukaja Muungano, 26 Aprili 1964, na Dar es Salaam ikajikuta imerithi urafiki wa Unguja na Ujerumani Mashariki huku yenyewe ikipokea misaada ya Ujerumani Magharibi. Mwaka 1965 Bonn, yaani serikali ya Ujerumani Magharibi, iliondoa msaada wake wa kijeshi, na Mwalimu Nyerere akaikatalia misaada iliyobaki, kuliko kukubali kuchaguliwa marafiki. Ugomvi wote huo una kivuli chake kwenye bahasha ya ami, aliyekuwa anauliza tu kama mtoto wa nduguye amepona homa. Mtu wa Kikwajuni anayeishi katika majumba waliyojenga Wajerumani hao anaiona historia ile kila asubuhi kwa saruji. Kwenye stempu iko kwa wino.

Jambo la tatu ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu linakataa hadithi iliyonyooka. Watu hudhani nchi zikiungana stempu huungana. Muungano ulikuwa Aprili 1964, lakini Unguja iliendelea na stempu zake hadi 31 Disemba 1967, miaka mitatu na miezi minane. Mwaka 1966 jina Tanzania linaonekana kwenye stempu za Visiwani, lakini Zanzibar inatangulia. Kwa fedha ilikuwa kinyume. Zanzibar ilitumia shilingi moja na bara tangu 1936, muda mrefu kabla ya Muungano, na shilingi hiyo ya Afrika Mashariki ilivunjika 1966 kila nchi ilipotoa yake. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza kazi 1 Disemba 1967. Mwezi mmoja baadaye, 1 Januari 1968, Posta ya Unguja ikaingia katika shirika la pamoja la posta, lililokuja kuwa na makao yake Kampala. Fedha iligawanyika, posta ikaungana, katika miaka miwili hiyo hiyo. Anayesoma stempu peke yake angesema udugu wa Afrika Mashariki ulikuwa unakua. Anayesoma noti angesema unakufa. Yote mawili yalikuwa kweli.

Uchambuzi: tulichokosea

Sasa stempu ya Kenya. Kosa langu lilikuwa kuipima 1970 kwa mipaka ya leo. Katika posta ya pamoja, stempu zenye jina la Kenya, za Uganda na za Tanzania zilikubaliwa katika nchi zote tatu. Tangu Januari 1968 hilo lilihusu na Unguja. Mgeni wa kutoka Mombasa mwenye stempu mbili mfukoni alibandika, akatia sandukuni, karani akagonga muhuri bila kuuliza. Hakuna udanganyifu wowote. Nililifahamu sharti hilo miaka mingi, na bado jicho langu lilikataa kuona. Ndivyo mpaka unavyokaa kichwani mwa mtu. Bahasha ile ndiyo ninayoionyesha vijana sasa kabla ya ile ya kalamu, kwa sababu inawaonyesha kitu ambacho hawakukijua: palikuwa na wakati stempu ya Kenya ilitosha Unguja.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi, kwa kuwa nililisema kwa sauti ya mtaalamu. Bahasha ya mwisho ni ya Disemba 1976. Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya Februari 1977, Jumuiya ikavunjika katikati ya mwaka huo, na mpaka haukufunguliwa hadi 1983. Nikawaambia familia, "Mnaona? Hapa ndipo ndugu walipokatwa." Mjukuu alitokwa na machozi. Shangazi alinyamaza, kisha akasema kwa upole, "La, Mwalimu. Ami alihamia Maskati mwaka ule. Barua zake zilikuja kwa mamangu, si kwa baba, nazo ziko kwa dada yangu."

Oman ilikuwa imefungua milango kwa watu wenye asili yake waliokuwa Unguja baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka 1970, na ami alikuwa mmoja wao. Pengo la kisandukuni halikutokana na mpaka. Lilitokana na mtu kuhama nyumba. Nilikuwa nimeiona siasa kubwa mahali palipokuwa na safari ya mtu mmoja, na nilimliza binti bure. Nilimwomba radhi siku ile ile.

Kuvunjika kwa Jumuiya, hata hivyo, kumo kisandukuni. Kumo kwenye stempu yenyewe ya Disemba 1976, tuliyoipita haraka tukitazama pengo. Hadi 1975 stempu za kumbukumbu zilibeba majina ya nchi tatu pamoja, na majina yakipokezana nafasi ya kutangulia. Kuanzia 1976 shirika lile lile lilitoa seti tatu badala ya moja: picha moja, jina moja moja. Reli ya ami imeandikwa Tanzania. Kenya walikuwa na picha hiyo hiyo yenye jina lao, na Uganda vivyo hivyo. Tangu Idi Amin alipompindua Obote Januari 1971, wakuu wa nchi tatu hawakukaa tena kikao kimoja cha Mamlaka ya Jumuiya, kwa kuwa Nyerere hakukubali kuketi naye. Posta iliendelea kufanya kazi kwa miaka mitano bila wakuu hao kukutana. Ilipoanza kugawanyika, iligawanya majina kwanza na picha baadaye. Mpaka ulikuwa bado wazi barua ile ilipovuka.

Ningeanza kisa hiki tena, ningemkalisha shangazi mezani siku ya kwanza, kabla ya kioo cha kukuzia. Nilimwita siku ya tatu, baada ya kwisha kuandika maelezo yangu, na kila alipozungumza ilibidi nifute mstari.

Mjukuu ameandika barua kwa yule dada wa shangazi yake kuomba picha za bahasha za Maskati. Stempu 12 zilizolowekwa amezitia katika bahasha moja mpya, nyuma ya nyingine zote, na juu yake ameandika kwa penseli: "Zimekatwa. Hazina tarehe."